Kiganja cha kulia cha Ken Norton

Kila ninayemfundisha kujikinga namwonyesha mapambano ya Ken Norton, bondia Mmarekani wa uzito wa juu, na ninamwambia aache kwanza kutazama makonde. Atazame kiganja cha kulia.

Norton alianza ngumi ukubwani. Alijiunga na kikosi cha Marine cha Marekani mwaka 1963, na humo jeshini ndimo alimovalia glovu: akashinda mapambano 24, akapoteza 2. Mwaka 1967 akaingia ngumi za kulipwa akiwa na mwili wa chuma na pumzi isiyokatika.

Kinga yake ilikuwa hivi. Mkono wa kushoto unalala mbele ya tumbo. Glovu ya kulia iko wazi mbele ya kidevu. Jebu, yaani konde la kunyooka la mkono wa mbele, likija, kiganja kinalidaka, na papo hapo jebu lake mwenyewe linatoka. Kocha Eddie Futch alikuwa ameona kwamba Muhammad Ali akirusha jebu, mkono wake wa kulia unasahau kulinda uso. Basi jebu kwa jebu. Machi 31, 1973, mjini San Diego, Norton alishinda kwa pointi baada ya raundi 12, na Ali akaondoka na taya lililovunjika. Ali alilipiza Septemba mwaka huo, tena kwa taabu. La tatu, Yankee Stadium 1976, majaji walimpa Ali. Nimelirudia mara nyingi, na kila mara nampa Norton.

Lakini George Foreman alimmaliza katika raundi ya 2 jijini Caracas mwaka 1974. Earnie Shavers (1979) na Gerry Cooney (1981) hawakuhitaji hata raundi moja kamili. Wengi husema kidevu chake kilikuwa laini. Sikubaliani nao. Kinga ile inataka uende mbele, huku mguu wa nyuma ukiburuzika kukufuata. Ali alimwachia nafasi ya kusogea. Hawa watatu walimsukuma nyuma. Ukirudi nyuma na mkono wa kushoto ungali tumboni, kiganja kimoja hakiwezi kuzuia makonde ya pande zote mbili.

Mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC, Baraza la Ndondi la Dunia, aliupata mezani, bila kuupigania ulingoni, mwaka 1978. Alikuwa amemshinda Jimmy Young Novemba 1977, na bingwa wa wakati huo, Leon Spinks, naye aliyewahi kuwa Marine, akachagua kurudiana na Ali badala ya kupigana na Norton, basi WBC ikamvua mkanda na kumpa Norton. Juni 9, 1978, Norton aliutetea dhidi ya Larry Holmes huko Las Vegas. Majaji wote watatu waliandika 143 kwa 142, wawili wakimpa Holmes.

Ukiwa na muda wa raundi moja tu, tazama ya 15 ya pambano hilo. Wote wawili wamechoka, miguu mizito, wanatupiana makonde bila kurudi nyuma. Kiganja cha kulia cha Norton bado kinapanda kudaka jebu.