Dini ya Mwalimu Nyerere: yasemwayo na yaliyokuwa

Kila ifikapo Oktoba 14, kumbukumbu ya kifo chake, mjadala kuhusu dini ya Mwalimu huanza upya, na mengi yanayosemwa hayana mguu wa kusimamia.

Eti alizaliwa Mkatoliki. Hapana. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, mzee wa wake wengi aliyefuata dini ya jadi. Kambarage, kama alivyoitwa wakati huo, alisoma Mwisenge, kisha Tabora, bado hajabatizwa. Jina la Julius alilipata kwa ubatizo Desemba 1943, ana miaka 21, baba yake ameshafariki. Ukatoliki aliuchagua mwenyewe, ukubwani.

Wengine wakisikia ujamaa wanamwona mkana Mungu. Huyu alikuwa mtu wa misa na kufunga hata akiwa Ikulu, na uzeeni akazigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi. Mkana Mungu gani anayehangaika kutafutia vina maneno ya Mathayo?

Inayonishangaza zaidi ni ile ya kwamba TANU, chama alichokiongoza kudai uhuru, ilikuwa chama cha Wakatoliki. Wataje waliokiasisi na kukijenga pale Dar es Salaam: Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed. Wote Waislamu. Ni kweli kwamba shule za misheni ziliwatanguliza Wakristo kielimu, na Waislamu waliolalamikia pengo hilo hawakulibuni; lakini pengo lilirithiwa kutoka ukoloni. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ya Mwalimu ilizitwaa shule za makanisa, Pugu ikiwemo, ileile aliyofundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Kama hayo yalikuwa mapendeleo kwa Kanisa, basi yalikuwa machungu.

Na kauli ya kwamba serikali haina dini haikuwa vita dhidi ya dini. Katiba, ibara ya 19, inaifanya imani kuwa hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini kuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Kuhusu utakatifu, wengine wameshamtangaza kabla ya Roma. Mchakato ulifunguliwa mwaka 2005 katika Jimbo la Musoma, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu, ngazi ya chini kabisa. Hapo hata mwenyeheri bado, sembuse mtakatifu.