Sikio moja halitoshi: kwa madereva wa bodaboda Dar es Salaam

Malalamiko ya abiria na madereva wa daladala kuhusu bodaboda wanaoendesha huku wamechomeka spika za masikioni yanazidi kutufikia. Tukipita vijiweni kutoa elimu, utetezi ni ule ule: "Afande, mimi naweka sikio moja tu."

Utetezi huo si sahihi, na tumeshausahihisha mara nyingi. Ubongo hujua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha jinsi inavyofika kwenye masikio yote mawili. Ukiziba moja, honi utaisikia, ila itakuwia vigumu kujua lori liko kushoto au kulia kwako. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kujiuliza "nani kapiga honi?" tayari umepita zaidi ya urefu wa basi la abiria. Ukiwa Buguruni unavuka reli, honi hiyo ni ya treni.

Matangazo ya mpira ni mabaya kuliko muziki. Siku ya Simba na Yanga dereva anakuwa uwanjani kwa mawazo, abiria yuko Barabara ya Mandela.

Wengine hudai sheria haijataja muziki. Ndugu zetu, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha bila uangalifu. Utaratibu uko hivi: askari anakueleza kosa, anaingiza namba ya usajili ya pikipiki kwenye mashine, unapewa karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Faini ya pikipiki ni shilingi 10,000 kwa kila kosa. Ilishushwa kutoka 30,000 katika bajeti ya 2021/22. Makosa mawili ni 20,000. Fedha taslimu usimpe askari mkononi. Kama hukubali kosa, usilipe. Shauri litakwenda mahakamani na utasikilizwa.

Sabufa zilizofungwa kwenye pikipiki nazo ni tatizo, kwa sababu hiyo hiyo ya kumeza honi. Redio isikilizeni kijiweni mkisubiri abiria.

Nanyi abiria, mwombeni dereva avue spika kabla hamjapanda. Mkishaondoka hatawasikia.