Lebo ya chakula cha GMO si onyo

Kila mjadala wa mahindi ya GMO unapozuka nchini Kenya, hasa tangu Baraza la Mawaziri lilipoondoa marufuku ya vyakula vya GMO tarehe 3 Oktoba 2022, kuna kauli inayorudiwa redioni na katika mikutano ya hadhara: vyakula hivi viwekwe lebo ili wananchi waonywe. Wanaosema hivyo wana nia njema, na dai lao la lebo ni la haki. Kinachoharibu hoja ni hilo la kuonywa, na kwa kuwa limerudiwa mno, linastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Chakula cha GMO ni kile kinachotokana na mmea, mnyama au kijidudu ambacho vinasaba vyake vimebadilishwa maabara kwa njia isiyotokea katika uzalishaji wa kawaida. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yamepewa kinasaba cha bakteria wa udongoni ili mmea wenyewe utengeneze protini inayoua viwavi wanaotoboa shina. Mahindi ya H611, yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, ni chotara, yaani yalipatikana kwa kuchavusha aina mbili za mahindi, wala hayamo katika kundi hili. Lebo, kwa upande wake, ni maandishi yanayomjulisha mnunuzi kwamba chakula au kiambato fulani kina asili hiyo. Ufafanuzi ni huo tu.

Onyo ni jambo jingine kabisa. Onyo lililo kwenye pakiti ya sigara lipo kwa sababu madhara yamethibitishwa na serikali inataka mtu asite kabla ya kuvuta. Lebo ya GMO haisemi kwamba chakula kina madhara, na haisemi kwamba ni salama, inasema kilivyopatikana. Swali la usalama huulizwa mapema zaidi, wakati mwombaji wa kibali anapopeleka faili lake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia chini ya sheria ya mwaka 2009. Chakula kikionekana kuwa hatari katika hatua hiyo, kinapaswa kukataliwa, si kuruhusiwa kiuzwe kikiwa na karatasi ya kuwatisha wanaokinunua.

Anayetilia shaka tofauti hii na atazame viwango vya kisheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zinadai lebo pale sehemu ya GMO inapozidi asilimia 1. Umoja wa Ulaya umeweka asilimia 0.9 kwa kila kiambato, mradi mchanganyiko huo haukukusudiwa na haukuepukika kwa njia za kiufundi. Marekani inavumilia hadi asilimia 5 ya mchanganyiko wa namna hiyo. Tofauti hizi hazitokani na vipimo vya sumu. Nafaka huchanganyika shambani, melini, ghalani na kinuni, na kila serikali imeamua ni mchanganyiko wa kiasi gani itauvumilia bila kumlazimisha mfanyabiashara kuutangaza.

Mfano ulio wazi zaidi ni mafuta ya kupikia. Mafuta ya soya yakisafishwa sana, vinasaba vya mmea huondoka pamoja na protini, na kinachobaki ni mafuta ambayo maabara haiwezi kuyatofautisha na ya soya ya kawaida. Ulaya, tangu kanuni zake za mwaka 2003, inataka mafuta hayo yawe na lebo, kwa sababu soya yake ilikuwa ya GMO. Marekani, katika kanuni iliyotangazwa Desemba 2018, iliyaacha nje, kwa sababu kinasaba kilichobadilishwa hakionekani tena katika chupa. Upande mmoja unataja asili na wa pili unataja kinachopimika. Hakuna hata mmoja unaosema kwamba chupa hiyo ina hatari.

Siasa ya lebo nayo ilianzia kwenye swali la kujua, si la madhara, na jimbo la Vermont nchini Marekani ndilo lililoonyesha uzito wake. Mwaka 1994 jimbo hilo lilitunga sheria ya kutangaza maziwa ya ng'ombe waliodungwa homoni iliyotengenezwa kwa bakteria waliobadilishwa vinasaba. Jimbo halikudai kwamba maziwa hayo yanadhuru. Lilisema wananchi wanataka kujua. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizuia sheria hiyo, ikishikilia kwamba hamu ya walaji kujua haitoshi kumlazimisha mzalishaji kusema asichotaka kusema. Vermont iliporudi mwaka 2014 na sheria ya vyakula vya GMO, ilitaja pia afya, mazingira na imani za dini. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2016, na kabla mwezi huo haujaisha Rais Obama alitia saini sheria ya shirikisho iliyoifuta. Kwa hiyo Wamarekani walikuwa na sababu ya kikatiba, yaani ulinzi wa uhuru wa kusema, ya kuegemea hoja ya madhara.

Mkenya hana sababu hiyo. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na haimtaki athibitishe kwanza kwamba bidhaa hiyo itamuua. Hii ni haki pana, na inaniuma kuona watetezi wake wakiiacha na kushika hoja dhaifu. Anayeita lebo onyo amejitwika mzigo wa kuthibitisha madhara, na mpinzani wake atamjibu kwa urahisi: utafiti wa wanasayansi wa Ufaransa uliochapishwa Septemba 2012, uliodai kwamba mahindi ya GMO yaliwaletea panya uvimbe, na ambao ulichangia marufuku ya Kenya ya Novemba mwaka huo, uliondolewa na jarida lililouchapisha mwaka uliofuata. Mjadala utahamia kwa panya, na haki ya kujua itasahaulika. Wauzaji nao watakuwa na kisingizio cha kukataa lebo, wakisema kwamba inawachafulia bidhaa iliyokwisha kuidhinishwa.

Kwa heshima, basi, ningemwomba anayedai lebo aendelee kuidai kwa sauti ile ile, ila badala ya kusema "ili tuonywe" aseme "ili tujue tunachonunua". Na adai pia kumbukumbu zinazoifuata nafaka tangu bandarini, kwa maana familia nyingi hazinunui unga wa pakiti. Zinanunua mahindi kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, yaliyomiminwa kutoka gunia ambalo huenda limekwisha kupita mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa, kisha zinayapeleka kinuni. Huko hakuna pakiti ya kubandika chochote, na muuzaji anaweza kujibu swali la mnunuzi ikiwa tu aliyemuuzia alimpa karatasi inayoonyesha asili ya mahindi hayo.