Utakatifu si wa mapadre na masista peke yao

Waamini wengi wanadhani mtakatifu lazima awe padri, sista au mfiadini. Hebu tuwaangalie Louis na Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa. Ujanani kila mmoja aliomba kuingia utawani, akakataliwa. Wakafunga ndoa mwaka 1858, wakapata watoto tisa na kuzika wanne wangali wadogo.

Louis alikuwa fundi saa. Jumapili hakufungua duka, hata kama wateja wangeenda kwingine. Zélie alikuwa na biashara ya lesi: wanawake walishona vipande majumbani kwao, naye akaviunganisha kwa sindano, mshono usionekane. Misa yao ilikuwa saa 11:30 alfajiri, kisha kazini. Barua za Zélie zimejaa mahangaiko ya oda na watoto wanaougua. Aliandika kwamba amechoka, wala hakuficha.

Pengine watu huchanganywa na suala la miujiza. Kwa asiye mfiadini, Kanisa kwa kawaida hudai muujiza mmoja ili atangazwe mwenyeheri, yaani hatua ya kabla ya utakatifu, na mwingine ili awe mtakatifu, lakini hiyo ni miujiza inayotokea baada ya kifo, kwa maombezi yake. Kinachochunguzwa katika maisha yenyewe ni fadhila, yaani tabia njema kama imani, matumaini na mapendo. Wawili hawa walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015.