Je, wajua kwa nini nota zile zile huzaa muziki tofauti?

Wape kwaya mbili za Dodoma, moja ya Nkuhungu na nyingine ya Kizota, karatasi ile ile ya nota. Jumapili utasikia karibu nyimbo mbili. Mwalimu mmoja atauvuta wimbo polepole mpaka besi zijae kanisa zima. Mwenzake ataukimbiza na kuacha marudio. Hakuna aliyekosea nota hata moja. Tofauti inatoka wapi, basi?

Jibu lililo wazi kuliko yote ninayoyajua limo kwenye rekodi mbili za Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada. Juni 1955, akiwa na miaka 22, aliingia studio jijini New York kurekodi Goldberg Variations, kazi ya Johann Sebastian Bach iliyochapishwa 1741. Ina wimbo mmoja wa utangulizi, Aria, kisha vipande 30 vilivyojengwa juu ya besi ya Aria hiyo, halafu Aria inarudi. Mwaka 1981 Gould alirudi studio ile ile, akairekodi upya. Rekodi ya kwanza ina dakika 38 na ushee. Ya pili inapita dakika 51.

Baadhi ya watu humaliza suala hili kwa kusema umri ulimpunguzia kasi. Sikubali. Mwaka 1981 alikuwa na miaka 48 tu, na kipande cha tano kinakimbia karibu sawasawa na kile cha 1955. Vidole vilikuwa vizima. Kilichobadilika ni uamuzi.

Karatasi ya Bach inaacha mengi wazi. Kazi hii aliiandikia hapsikodi ya safu mbili za vibonyezo, kinanda ambacho waya zake hudonolewa, hazigongwi. Ubonyeze kwa nguvu au taratibu, ukubwa wa sauti unabaki karibu ule ule, kwa hiyo haikuwa na maana kuandika wapi pawe na kishindo na wapi pawe na upole. Hata mwendo ameutaja kwenye vipande vichache mno. Zaidi ya hapo, kila nusu ya kipande ina alama ya kurudiwa. Gould wa 1955 aliyaacha marudio yote. Gould wa 1981 alirudia nusu ya kwanza ya baadhi ya vipande. Wapo wapiga piano wanaorudia kila kitu, na rekodi zao hupita dakika 70.

Halafu kuna mkono wenyewe. Ukibonyeza piano, nyundo ndogo yenye felti hurushwa kuelekea waya, na ikishaachiwa huwezi tena kuibadilisha. Mpigaji amebakiwa na mambo machache: nyundo irushwe kwa kasi gani, lini hasa, na kidole kikae muda gani kabla ya kizuizi kushuka na kuunyamazisha waya. Anaweza pia kutumia pedali, kikanyagio cha mguu, kuacha sauti zichanganyike. Wapiga piano wengi wa enzi za Gould waliipenda pedali hiyo kwa Bach. Gould aliitumia kwa uchache, akazikata nota moja moja, kavu na safi, kila moja ikisikika peke yake. Alikaa chini mno, kwenye kiti ambacho baba yake alikifupisha miguu, akipiga kwa vidole bila kuegemeza uzito wa mabega. Ukisikiliza vizuri utamsikia pia akiimba chini chini, hakuweza kujizuia.

Ukavu huo ulikuwa na kazi. Muziki huu wa Bach kwa sehemu kubwa hauna sauti moja inayoongoza na nyingine zinazofuata. Ni sauti mbili, tatu au nne, kila moja na njia yake. Hapa nadhani sisi wa Dodoma tuna masikio yaliyotayarishwa. Wagogo wana utamaduni mkongwe wa kuimba kwa sauti nyingi kwa pamoja, na anayehudhuria tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino anajua raha ya kufuata sauti moja katikati ya zingine, akaiacha, akashika nyingine. Msikilize Gould kwa sikio hilo hilo. Mkono wa kushoto, ambao wengi huuacha nyuma kama msindikizaji, kwake unasema kwa haki sawa na wa kulia.

Kati ya rekodi hizi mbili mimi nachukua ya 1981. Ile ya 1955 inasisimua kweli, lakini kila kipande kimesimama kivyake. Katika ya 1981 mwendo wa kipande kimoja unazaa mwendo wa kinachofuata, pigo moja likipita chini ya kazi nzima, na Gould mwenyewe alieleza kwamba hilo ndilo alilolitafuta. Kipande cha 25, kirefu na chenye huzuni, baadaye alikiona kuwa alikipiga kwa madoido mno alipokuwa kijana.

Alikuwa pia ameacha kupiga mbele ya watu tangu 1964. Studioni angeweza kupiga kipande mara kadhaa, kila mara kwa tabia nyingine, kisha kuchagua. Katika fuga moja ya Bach, yaani kipande ambacho wimbo mmoja hupokewa na sauti moja baada ya nyingine, alichukua rekodi mbili zisizofanana, akakata utepe wa kurekodia na kuziunganisha. Wapo waliouona kama udanganyifu. Kwake kuchagua kulikuwa sehemu ya kupiga.

Anayetaka kujaribu asianze na kazi nzima. Asikilize Aria ya 1955, isiyofika dakika mbili, halafu ile ya 1981, inayozidi tatu, na masikio yake yakae kwenye besi tu.