Mawe kwenye mirija yote miwili ya mkojo: je, ni salama kuyatoa kwa mara moja?

Kila figo hushusha mkojo kwenye kibofu kupitia mrija wake, wenye urefu wa sentimita 25 hivi na upana wa milimita chache tu. Jiwe likiziba upande mmoja, figo ya pili hubeba kazi. Pande zote mbili zikiziba, mkojo hupungua au hukatika kabisa. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, haisubiri mnada wa korosho: wahi hospitali, yaani Ligula ukiwa Mtwara, Sokoine ukiwa Lindi, Ndanda ukiwa upande wa Masasi. Na usimeze diklofenaki ya dukani kutuliza maumivu, kwani huzidi kuiumiza figo iliyoziba.

Kwa mtu anayetoka Newala au Liwale, hamu ya kumaliza yote safari moja inaeleweka: nauli ni moja, ganzi ni moja, kulazwa ni mara moja. Kitaalamu pia inawezekana, na kwa mgonjwa aliyeandaliwa vizuri ni salama. Kinachotutia hofu zaidi ni maambukizi kuliko idadi ya mawe.

Ndiyo maana mkojo huoteshwa maabara kabla ya kupanga tarehe, na majibu huchukua siku 2 hadi 3. Bakteria wakionekana, dawa hutangulia. Mawe haya hutolewa kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo. Kamera hiyo haioni bila maji, hivyo maji ya dripu ya chumvi hupitishwa muda wote wa kazi. Presha yake ikizidi, bakteria waliojificha nyuma ya jiwe husukumwa hadi kwenye damu, na mgonjwa aliyeingia akitembea anaweza kuishia chumba cha mahututi. Kwa hiyo mwenye jiwe lililoziba, homa ya nyuzi 38 na kutetemeka havunjwi mawe siku hiyo. Huzibuliwa tu, kwa stenti (kijirija laini kinachoachwa ndani ya mrija wa mkojo ili mkojo upite) au kwa mrija mwembamba unaopitishwa mgongoni hadi kwenye figo. Mawe yatangoja.

Vipimo vingine ni kriatinini ya damu, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na CT-Scan, picha inayoonyesha mawe yalipo. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme mapema.

Chumba cha upasuaji, waya laini hutangulia hadi kwenye figo, kisha kamera yenye unene wa milimita 2 hadi 3 huufuata. Leza hulivunja jiwe, na vipande hutolewa kwa kikapu kidogo cha waya. Hapa papara hugharimu: kipande kikubwa kikivutwa kwa nguvu huchana mrija, na mara chache sana huung'oa. Mrija ukiwa mwembamba mno, busara ni kuweka stenti na kurudi baada ya wiki 1 au 2, utakapokuwa umetanuka.

Upande wa pili hauguswi kwa sababu tu ulikuwa kwenye ratiba. Wa kwanza ukichanika, ukitoa usaha, au ukila muda mrefu (wengi huweka kikomo kwenye dakika 90 kwa kazi nzima), wa pili huwekewa stenti na kusubiri. Daktari akikwambia ametoa upande mmoja tu, usidhani ameshindwa kazi.

Pande zote zikifanyiwa kazi, mirija yote miwili huvimba. Bila stenti mkojo unaweza kukatika tena, kwa hiyo angalau upande mmoja huwekewa, na mara nyingi yote miwili. Tegemea mkojo wenye rangi ya damu, haja ya mara kwa mara na maumivu ya ubavu unapokojoa. Homa, mabonge ya damu au kukosa mkojo ni sababu ya kurudi hata kama ni usiku.

Stenti haiyeyuki. Kwa kawaida hutolewa ndani ya wiki chache. Ikipita miezi 3 huanza kuota mawe juu yake, na kuitoa huwa upasuaji mwingine. Kabla ya kuruhusiwa, hakikisha kadi yako imeandikwa stenti ni ngapi, ziko upande upi na zitolewe tarehe gani. Aliyewekewa mbili asiondoke na kumbukumbu ya moja. Akiwa na shaka, eksirei ya tumbo itaionyesha iliyobaki.