Anaogopa au anaumia? Tiba ya kiwewe kwa wenye usonji na ADHD

Wazazi wakiniletea kijana mwenye usonji (autism, yaani ubongo unaopokea sauti, mwanga na watu kwa njia tofauti) mara nyingi wanasema hivi, "daktari, anaogopa matatu, msaidie azoee." Mimi ni mwanasaikolojia, si daktari, ila nishazoea kuitwa hivyo. Swali langu la kwanza: anaogopa, au anaumia? Manake dawa zake hazifanani hata kidogo.

Hofu ya mtu aliyepata ajali inaweza kupungua ukimrudisha polepole, leo asimame stejini aangalie tu, wiki ijayo akae kwa matatu iliyosimama, hadi mwili wake uamini hakuna hatari. Lakini kuna mwenye usonji ambaye ile besi ya spika inamuuma kwelikweli, huyo hata umpandishe mwaka mzima atazoea nini? Atajifunza tu kuvumilia kimya, sisi tunaandika kwa faili "anaendelea vizuri" kumbe akifika nyumbani anajifungia chumbani hadi kesho yake. Huyo mpe viziba masikio, achague gari lisilo na mziki, halafu ndio tushughulike na ajali yenyewe kama ipo. Wengine wana vyote viwili, na hapo ndio kuna kazi.

Kiwewe chenyewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio baya, nacho hakifuati kitabu. DSM-5, ule mwongozo wa Wamarekani wa 2013 wa kutambua magonjwa ya akili, unataka PTSD (ugonjwa wa kiwewe) itokane na kifo au tishio la kifo, majeraha makubwa au ukatili wa kingono. Sawa. Sasa mtoto mwenye ADHD (shida ya kutulia na kukaza umakini) aliyechapwa miaka na miaka kwa sababu hatulii kitini, akaitwa mtundu, mjinga, ana mapepo (Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, lakini hebu waulize watoto), je? Anaweza kuwa na jinamizi na kushtuka kulekule hata kama kisa chake hakiingii kwenye hicho kipengele, na mimi sisubiri kipengele kinipe ruhusa.

Kwenye kikao, taa za tyubu zinazovuma nazima. Sidai aniangalie machoni, akitaka kuchezea kamba ya hudi saa nzima achezee, ananisikia. "Unajisikiaje?" nimeipunguza sana, kwa sababu wengi wenye usonji wana aleksithimia, yaani hisia ipo ila kuitambua na kuitaja ndio shida, akisema "sijui" tunadhani anaficha. Nauliza mwili: mabega yamekaza? Tumbo je? Ungekuwa peke yako saa hii ungefanya nini? Kuna dada alinijibu hiyo ya mwisho bila kufikiria, "ningelala chini ya meza," na nikaelewa mengi kuliko kikao kizima cha kuuliza hisia.

Hata EMDR, ile tiba ya Francine Shapiro ya kufuata kidole kwa macho huku ukikumbuka tukio, inabadilishika. Kidole kikimchosha au kumkera, anajigonga magoti mwenyewe kushoto kulia. Kumgusa mimi? Mpaka aseme sawa.

Kama unatafuta terapisti, muulize kwenye simu kabla hujalipa: naweza kuja na hedifoni? Naweza kuandika badala ya kuongea? Utaniambia mapema kikao kitakwendaje? Akianza kukuelezea kwamba lazima kwanza ujifunze kukaa kama watu wengine, mshukuru, kata simu, mpigie mwingine.